Shule zinunue mahindi wakati wa mavuno, si unga wa mzabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chakula cha mchana cha watoto wetu shuleni, hasa namna kinavyonunuliwa. Mimi ni bibi mwenye wajukuu katika shule ya msingi ya serikali hapa Dodoma. Nimefanya biashara ya nafaka katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, tangu nikiwa msichana mpaka miguu iliponikatalia, na sasa wazazi wameniweka kwenye kamati ya chakula ya shule. Ninachokijua vizuri ni mahindi, kwa hiyo nitaongea mahindi.

Kikao chetu kilichopita kilikwama kwenye ajenda moja: tununue dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, au sembe, ule mweupe uliokobolewa? Wazazi waliotaka dona walikuwa wengi kuliko miaka ya nyuma. Ni watu wanaojali afya zao, wanatembea jioni, wamepunguza sukari, na nyumbani kwao ugali mweupe hauingii tena mezani. Wenzao wakajibu kwamba watoto watauacha kwenye sahani, kwamba dona ni ugali wa jela. Mabishano yalikuwa makali na nusura jua lituzamie. Mwisho wake hakushinda wa dona wala wa sembe. Ilishinda karatasi ya mzabuni aliyeandika bei ya chini kwa kilo, tukasaini.

Katika muda wote huo hakuna aliyeuliza mahindi ya unga ule yalivunwa lini, yalianikwa wapi, yalikaa stoo ya nani, na nani aliyachambua kabla ya kuyapeleka mashineni. Nilipouliza mimi, niliambiwa kwa heshima, "Bibi, hayo ni ya mzabuni, sisi tunanunua unga." Hapo ndipo penye hoja yangu. Shule isinunue unga. Inunue mahindi yenyewe, iyanunue wakati wa mavuno, iyakague, iyahifadhi, kisha iyapeleke mashineni kidogo kidogo. Unga ukishafungwa kwenye kiroba hauwezi kukwambia chochote. Mahindi yanasema.

Wadogo zangu mliosomea lishe mtanisahihisha nikikosea, lakini hili la dona na sembe wenye mashine wote wanalijua. Ukikoboa, unaondoa ganda na kiini. Katika kiini ndimo mlimo na mafuta ya mahindi, sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na zinki. Katika ganda mna nyuzinyuzi. Kinachobaki ni wanga mweupe unaokaa dukani miezi bila kuchacha, na ndiyo maana mfanyabiashara anaupenda. Gunia la kilo 100 likikobolewa vizuri hutoa unga wa kilo sabini na kitu, na kinachobaki ni pumba, ambazo mara nyingi huachiwa mwenye mashine. Likisagwa dona, karibu lote linarudi nyumbani.

Tupige hesabu. Chukua shule ya wanafunzi 600, kila mtoto apimiwe gramu 120 za mahindi kwa siku. Hizo ni kilo 72 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, inakaribia tani 14, yaani magunia 140 ya kilo mia mia. Sasa ukitaka unga huohuo uwe sembe, na gunia linatoa kilo 75, unahitaji magunia kama 186. Tofauti ni magunia 46, na hayo yangelisha watoto karibu 200 kwa mwaka mzima. Watoto hao tunao. Kila shule ya kutwa inawajua: ni wale ambao wazazi wao hawajachanga, na kengele ya chakula ikilia wanasogea pembeni wakati wenzao wanapanga foleni na sahani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi, na mzazi asiyekuwa nacho, mtoto wake hana. Nikiona pumba za shule zinapakiwa kwenda kulisha kuku wa mtu, huwa nawafikiria watoto hao.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa dona. Lakini sitaki mtu asome mpaka hapa akakimbilia kununua dona yoyote, kwa sababu dona ya mahindi mabaya ni mbaya kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Anayekoboa anaitupa sehemu kubwa ya sumu pamoja na virutubishi. Anayesaga dona anaibakiza yote. Mzazi anayehimiza dona kwa ajili ya afya bila kuuliza juu ya sumukuvu hajamaliza kazi yake.

Watu wa Dodoma na Manyara hatukuhadithiwa habari hii. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Walioripotiwa kuugua walikuwa 68, na 20 walifariki. Mengi yalikuwa mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi wenyewe nyumbani. Majirani zetu Kenya walipata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Hao ni walioila nyingi kwa mara moja. Anayeila kidogo kidogo kila siku haanguki, bali ini lake linaharibika polepole, na madaktari wanaihusisha sumu hii na saratani ya ini. Mtoto wa shule anakula mahindi mchana shuleni na usiku nyumbani. Kama gunia lina sumu, anaipata mara mbili kwa siku kwa miaka yote ya shule ya msingi.

Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, haina ladha, na haiishi kwa kupikwa. Ugali uive namna gani, sumu ipo. Kinachoonekana ni kuvu wanaoitengeneza na mazingira wanayoyapenda: unyevu, joto, punje iliyovunjika, punje iliyotobolewa na wadudu. Ukiyajua mazingira hayo unaweza kuikwepa kwa sehemu kubwa bila maabara. Hapa naomba nieleze kwa kirefu, maana ndilo ninaloweza kuwaachia wenzangu wa kamati za shule nyingine.

Mahindi yanaharibika kuanzia shambani. Yakicheleweshwa kuvunwa na mvua ya mwisho ikayakuta, au yakianguka chini, kuvu wanaingia. Ukame nao unachangia, kwa sababu muhindi uliokosa maji unashambuliwa kirahisi, na sisi wa Kanda ya Kati ukame tunaujua. Kisha kuna kuanika. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu hunyonya unyevu wa usiku na kuokota kuvu wa ardhini. Yaliyoanikwa juu ya turubai au kichanja ni mengine kabisa. Kisha kupukuchua. Wanaoyajaza kwenye gunia na kuyapiga kwa fimbo wanavunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango ulio wazi. Halafu dumuzi, yule mdudu tuliyezoea kumwita Skania kwa jinsi anavyobeba mzigo: akishaingia kwenye kihenge, ndani ya miezi michache unabaki na unga wa vumbi na matundu.

Sokoni nimeona mengi. Magunia ya juu kwenye lori yana mahindi makavu yanayong'aa, ya chini yana mahindi yasiyokauka. Wapo wanaochanganya debe moja bichi katika madebe matano makavu ili mizani ipande. Ndiyo maana mnunuzi wa kweli haendi bila bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje ndani ya gunia. Unalichoma bambo gunia moja moja, juu, katikati na chini, unamwaga punje kiganjani, unaziangalia. Unatafuta zilizogeuka rangi kuwa kijani au kijivu, zilizosinyaa, zenye matundu, chenga. Unang'ata punje: kavu inapasuka kwa mlio, yenye maji inabonyea chini ya jino. Mzabuni anayekataa bambo lisiguse magunia yake, mwache aende na mzigo wake.

Yupo atakayesema kamati ya wazazi haina kipimo cha unyevu. Kinachotakiwa ni mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, na kipimo chenyewe kweli ni ghali kwa shule. Lakini chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo au theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu ya unga, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, yarudishwe juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, si lazima uwe umefika 13.5, kwa hiyo yaongezewe jua kabla ya kuhifadhiwa. Mtihani huu hata mwanafunzi wa darasa la tano anauweza, na sioni kwa nini somo la sayansi lisifanyike stoo siku mahindi yanapopokelewa.

Baada ya hapo ni kuchambua. Najua kazi ya kuchambua magunia 140 inatisha, lakini hayachambuliwi siku moja. Kilo 72 za kesho zinachambuliwa leo na akina mama watano kwenye turubai. Kutoa punje zilizovunda, zilizosinyaa na zilizovunjika kunapunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumu haijagawanyika sawa katika gunia; imejaa kwenye punje chache zilizougua. Mnunuzi wa unga hana nafasi hiyo. Punje mbovu imeshasagwa pamoja na nzuri, zote zimekuwa nyeupe.

Na hili ndilo linalonifanya nilipende makande kuliko ugali kwa chakula cha shule. Katika makande punje inabaki punje hadi kwenye sahani. Mpishi anaiona, mwalimu wa zamu anaiona, mtoto anaiona. Maharage yamo humohumo, hayakutengwa kwenye bakuli la mchuzi mwepesi ambao wa mwisho kwenye foleni anakuta maji matupu.

Sasa niseme kuhusu wakati. Shule zetu nyingi hudai mchango wa chakula Januari, mtoto anapofungua. Huo ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kununua mahindi. Huku kwetu mavuno huanza Mei na kuendelea mpaka Julai, Kiteto hata Agosti, na wakati huo Kibaigwa malori yanapanga foleni na bei iko chini. Ifikapo Januari, Februari, mwaka mwingine hata Machi, mkulima ameshauza, walionunua wamefungia stoo, bei imepanda. Mwenye pesa Julai ananunua magunia mengi zaidi kwa pesa ileile. Na mahindi yanayouzwa Januari kwa bei ya kutupa huwa na sababu yake: yameshambuliwa, au yalikaa pabaya. Ukimshinikiza mzabuni ashushe bei Februari, atakuletea hayo.

Napendekeza michango ikusanywe baada ya mavuno, hata kama itabidi mwaka wa kwanza tuanze na nusu. Mzazi mkulima achange mahindi kwa debe au kwa kilo Julai, wakati anayo, na mzazi mtumishi achange pesa mwezi huohuo. Najua kuna hofu ya kupokea mahindi kutoka kaya 300, kila kaya na yake. Debe moja bovu likimwagwa juu ya mengine limeyaharibu yote. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kupokea mlangoni kwa utaratibu: kila mzazi anafungua gunia lake mbele ya wajumbe, chupa ya chumvi ipo, turubai lipo, na yasiyokauka yanaanikwa kwanza. Tupime kwa mizani, tusipime kwa lumbesa wala kwa debe lililobonyezwa kitako. Yaliyofaulu yaingie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo sasa inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ndani ya mifuko hiyo wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa yoyote kunyunyizwa, na watoto hawali dawa. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Paa likivuja, lizibwe kabla ya kununua hata kilo moja.

Dona ina tabia moja inayobidi kujulikana. Kwa kuwa mafuta ya kiini yamo, haikai muda mrefu. Baada ya wiki chache inaanza kuwa chungu. Hapo ndipo watoto wanapoikataa, na sisi tunasema hawapendi dona. Wamekataa unga uliochacha. Saga ya wiki moja au mbili, usizidishe, na uone kama hawatakula. Wanaonunua dona iliyofungwa kwenye maduka makubwa nao wasome tarehe ya kusagwa, siyo picha ya shamba iliyochorwa kwenye mfuko.

Kwa kuwa nimewagusa wanunuzi wa mjini, niendelee nao kidogo, maana nawaheshimu na nahitaji msaada wao. Ni watu wanaouliza. Wakiwa dukani wanageuza mfuko, wanatafuta alama ya Shirika la Viwango, TBS, wanauliza kama mafuta ya alizeti yamekamuliwa Singida au wapi. Wamerudisha heshima ya uwele, mtama na ulezi. Mwenye kisukari leo analipa bei nzuri kwa unga wa uwele ambao mama zetu wa Kigogo waliupika kila siku na mlenda, na wakati fulani watoto wao waliona aibu kuula mbele ya wageni. Nafurahi kuliona hilo. Ninachowaomba ni macho yao yaende mbali zaidi ya hapo. Ule unga wa lishe wa uji, wenye mahindi, mchele, ngano, soya, ulezi na karanga ndani ya mfuko mmoja, wengi wanaununua wakiamini kwamba vingi ni bora. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoongoza kwa kushambuliwa na sumukuvu. Karanga zikisagwa mbichi pamoja na nafaka, mafuta yake yanauchachusha unga upesi, na karanga mbovu haionekani tena. Saga nafaka peke yake. Karanga chambua kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, zipike au uzikaange, uzisage kidogo uweke kando. Uji ukiiva, ongeza.

Wazazi hawahawa, wanaogeuza mfuko dukani mara tatu, tunapokaa kwenye kamati wanaangalia safu ya bei peke yake. Sidhani ni kwa kukosa huruma. Nadhani wanaona pesa ya shule ni ya umma na usalama wake ni kuchagua bei ya chini, ili asitokee mtu wa kuwanyooshea kidole. Lakini tukiandika kwenye zabuni kwamba tunataka mahindi mazima ya msimu huu, makavu, yasiyo na chenga wala matundu, yatakayopigwa bambo gunia kwa gunia na yatakayorudishwa yakishindwa, basi bei ya chini kati ya watakaotimiza hayo ni bei halali. Bei ya chini ya kitu ambacho hakikuelezwa haitulindi sisi wala watoto.

Mahindi peke yake hayatoshi, hata yawe safi namna gani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchi nzima, na Iringa, mkoa unaojaza maghala ya wengine, zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Njombe na Rukwa zinafuatia kwa karibu. Hayo ni maeneo yenye chakula tele. Udumavu una sababu nyingi, lakini sahani iliyojaa ugali na mboga ya kulambia ni mojawapo.

Kwa hiyo bajeti ya kamati isimalizikie kwenye nafaka. Kwa shule yangu ya mfano, gramu 30 za mazao ya jamii ya kunde, kama maharage na mbaazi, kwa mtoto ni kilo 18 kwa siku, kama magunia 35 kwa mwaka. Maharage yamepanda bei, na kila mwaka tunalia hivyohivyo, huku mbaazi zikipita mbele yetu kwenda bandarini. Agosti 2017 India ilipoweka mipaka kwa mbaazi za kutoka nje, wakulima wa Babati na wa mikoa ya kusini walibaki nazo ndani, bei ikaanguka vibaya. Sisi wanunuzi tuliwaona wakizimwaga kwa bei ya kusikitisha. Laiti shule za mikoa hiyo zingekuwa na mkataba wa kununua hata sehemu, mkulima angekuwa na mlango wa pili na mtoto angekuwa na protini. Mbaazi za nazi pwani ni chakula cha wageni. Huku bara tunaziona za kuuza tu. Choroko na kunde nazo zinastahimili ukame wetu na zinaiva haraka. Zote, maharage pia, ziloweke usiku kucha na maji ya kulowekea yamwagwe. Kuni au gesi itapungua sana. Hilo ni la muhimu sasa, maana serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na gesi si bure.

Brazil walipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inatoa kwa chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Nairobi tangu 2023 kuna mpango wa Dishi na County, mtoto analipa shilingi 5 za Kenya anapata sahani ya moto, na chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ambako ni rahisi kukagua nafaka mahali pamoja. Sisemi tuige kila kitu. Nasema wenzetu wamekubali kwamba kununua chakula cha shule ni kazi ya serikali, si ya wazazi wachache wanaokutana chini ya mwembe jioni wakiwa wamechoka.

Kwetu Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingine haina. Kibaigwa ipo hapa. Mtanana, wilaya hiyohiyo ya Kongwa, Wizara ya Kilimo imejenga kituo cha usimamizi wa mazao baada ya kuvuna kupitia mradi wa kudhibiti sumukuvu uitwao TANIPAC, uliokuja baada ya msiba wa 2016. Wakulima kadhaa wamefundishwa kukausha kwenye turubai na kutumia mifuko ile. Hao ndio wa kununua kwao, tena kwa bei inayozidi kidogo ya sokoni, ili mkulima aone faida ya kuanika vizuri. Leo hana faida hiyo. Nimeshuhudia mahindi yaliyokaushwa kwa jasho yakiuzwa bei moja na yaliyolala kwenye matope, kwa sababu mnunuzi alikuwa anahesabu magunia tu. Mkulima akirudi nyumbani mwaka unaofuata, kwa nini anunue turubai?

Kabla ya mavuno ya mwaka huu kuanza, namwomba afisa lishe wa halmashauri yetu atujibu mambo mawili kupitia ukurasa huu. La kwanza, je, kamati ya shule inaruhusiwa kutumia mchango wa wazazi kununua mahindi ya mwaka mzima kwa mkupuo mwezi Julai, na fomu ya kufanya hivyo inapatikana ofisi gani? La pili, kiwango cha Afrika Mashariki ni sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Je, halmashauri inaweza kutuma mtu mwenye kipimo cha haraka apime sampuli kutoka stoo ya shule siku ya kupokea, na gharama yake ni ya nani? Kama ni ya wazazi, tuambiwe mapema tuiweke kwenye bajeti. Sampuli nitazichota mwenyewe.

Mjumbe wa kamati ya chakula,
Dodoma